Aliyerudi Kutoka Ng'ambo: Kazi na Haki Zake

(Haya ni mazungumzo yetu na viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika ili yasomwe pia katika vikundi ambavyo havikuweza kutuma mtu.)

Tutazungumza polepole, na mahali ambapo hatueleweki, inueni mkono. Kuuliza si ujinga.

Siku nyingine huwa tunazungumza juu ya maji, mbuzi wa maziwa, au namna ya kuweka hesabu za kikundi. Leo habari yetu ni watu wetu wanaorudi. Vijiji vingi hapa vina msichana au kijana aliyekwenda kufanya kazi Saudia, Qatar au Dubai, na wengine wachache wamefika Uingereza. Siku ya kuwaaga tunajua la kufanya. Tunachanga, tunaomba, tunawasindikiza hadi stendi ya basi. Lakini siku ya kurudi hatuna mpango wowote. Tunapika chapati, tunakula, halafu kila mtu anangojea mgeni afungue sanduku.

Sasa angalieni jinsi mambo yanavyokwenda. Wiki ya kwanza nyumba imejaa watu. Mjomba ana karo ya shule, jirani ana ng'ombe mgonjwa, na kikundi kinataka mchango mkubwa kwa sababu, ati, "huyu ametoka Arabuni." Wiki ya tatu pesa zimekwisha. Mwezi wa pili yule aliyerudi anaanza kujificha. Haendi sokoni mchana, na kwenye chama haonekani. Mwezi wa sita mnasikia ametia sahihi tena kwa ajenti, na safari hii hakuuliza hata swali moja. Hapo ndipo penye hatari kubwa, ndugu zetu. Mtu anayeondoka kwa sababu ya aibu hasomi mkataba.

Kwa hivyo tunataka tuzungumze mambo manne: makaratasi yake, pesa anazodai, kazi anayoweza kupata hapa, na wajibu wa kikundi. Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba Kenya haina mfuko wa serikali wa kumlipa mtu mzima mwenye nguvu kwa sababu tu hana kazi. Akija mtu kijijini akisema ataandikisha waliorudi ili wapewe pesa za namna hiyo, na kwamba kujiandikisha ni shilingi mia tano, mfukuzeni. Lakini ziko haki nyingine za kweli, na watu wetu wengi wanazipoteza kwa kutojua.

KWANZA, APUMZIKE

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu si mgeni, ni mtoto wa nyumbani, na pengine amelala saa nne au tano usiku kwa miaka miwili. Mpeni muda. Aende zahanati apimwe. Kama alipigwa au alifanyiwa ubaya mwingine, asilazimishwe kusimulia mbele ya watu. Atafutiwe mtu mmoja anayemwamini, na daktari. Kikundi hakina haja ya kujua kila kitu ili kisaidie.

Wako pia wanaorudi na mtoto aliyezaliwa huko. Hapo vijiji vyetu vina maneno mengi. Sisi tunasema neno moja tu: Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 14, inasema mtu ambaye mama yake au baba yake ni Mkenya siku anapozaliwa, huyo ni raia kwa kuzaliwa, awe amezaliwa Kenya au nje. Kwa hivyo mtoto huyu ni Mkenya kama wako na wangu. Mama asimfiche. Aanze mapema kutafuta karatasi za mtoto, akipitia kwa chifu na ofisi ya usajili wa vizazi, akiwa na karatasi yoyote aliyopewa hospitalini au na ubalozi wetu. Akingoja mpaka mtoto afike umri wa shule, itakuwa kazi kubwa zaidi.

PILI, MAKARATASI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwambieni achukue bahasha kubwa moja, aweke ndani vitu hivi: kitambulisho, pasipoti hata kama muda wake umekwisha, mkataba wa kazi, kadi ya ukaazi ya huko au picha yake, tiketi za ndege, karatasi za mshahara au za benki, cheti cha mafunzo alichopewa kabla ya kuondoka, na barua yoyote ya mwajiri. Kama ujumbe wa mwajiri uko ndani ya simu, asiufute. Ujumbe unaosema "mshahara nitakulipa mwezi ujao" ni ushahidi.

Wengi watasema, "Mkataba sikupewa." Asikate tamaa. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inataka mkataba wa kazi ya ng'ambo uthibitishwe na ofisa wa kazi wa serikali. Kwa hivyo kama alipelekwa kwa njia halali, nakala inaweza kupatikana kwa ajenti au ofisi ya kazi. Aende kuiomba kwa barua, abaki na nakala ya barua hiyo, na apigiwe mhuri kwamba imepokewa.

Kuna karatasi mbili za hapa nyumbani ambazo watu husahau. Ya kwanza ni ya kodi. Mwenye PIN ya KRA anatakiwa kupeleka taarifa ya mapato kila mwaka, kati ya Januari na tarehe 30 Juni, hata kama hakupata kitu. Asiyepeleka anaweza kutozwa faini ya shilingi 2,000 kwa mwaka. Aliyekaa Saudia miaka minne bila kukumbuka jambo hili anaweza kukuta shilingi 8,000 zinamngojea, na anazijua siku anapoombwa karatasi ya kodi ili aajiriwe. Aende Huduma Centre au ofisi ya KRA yenyewe aeleze alikuwa wapi. Asimpe mtu wa saiba nywila yake abaki nayo.

Ya pili ni ya hospitali. Aliyeondoka kabla ya Oktoba 2024 aliacha NHIF, na kadi hiyo haifanyi kazi tena. Kutoka tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pake pamechukuliwa na SHA. Kujiandikisha ni bure, kwa simu ukibonyeza *147# au kwa kusaidiwa na mhudumu wa afya wa kijiji. Akishajiandikisha, matibabu ya kawaida katika zahanati na kituo cha afya hayahitaji awe amelipa mchango. Kwa hospitali kubwa lazima awe amelipa. Asiye na ajira huulizwa maswali juu ya nyumba yake na hali yake, kisha hukadiriwa asilimia 2.75 ya mapato, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na mchango huo ni wa mwaka mzima. Ajibu maswali hayo kwa makini. Asijisifu kwa mali ya baba yake, maana atalipa kwa majivuno hayo.

TATU, PESA ANAZODAI HUKO ALIKOTOKA

Hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu watu wengi hupanda ndege wakiacha jasho lao nyuma. Mbali na mshahara wa mwisho, nchi hizi zina malipo ya kumaliza kazi. Hiyo si zawadi ya tajiri. Ni sheria yao wenyewe.

Tuanze na Saudia. Mfanyakazi wa nyumbani aliyemaliza miaka 4 na mwajiri mmoja anastahili mshahara wa mwezi mmoja kama malipo ya kumaliza kazi. Kwa hivyo anayerudi baada ya miaka 2 hana malipo haya, asidanganywe. Lakini mshahara wa kila mwezi aliofanya kazi ni wake, na siku za likizo zilizo katika mkataba ni zake.

Aliyeajiriwa na kampuni, kama mlinzi, dereva wa kampuni au mfanyakazi wa usafi, yuko chini ya sheria nyingine ya kazi ya Saudia. Yeye hupata nusu ya mshahara wa mwezi kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, na mshahara mzima wa mwezi kwa kila mwaka unaofuata. Tufanye hesabu pamoja. Mlinzi alipata riyali 1,500 kwa mwezi, akamaliza mkataba wa miaka 3. Nusu ya 1,500 ni 750. Mara tatu, ni riyali 2,250. Lakini kama aliacha kazi mwenyewe, na amefanya kati ya miaka 2 na 5, atapata theluthi moja tu, yaani riyali 750. Akiacha kabla ya miaka 2 hapati chochote. Mnaona? Tofauti kati ya kumaliza mkataba na kuandika barua ya kuacha kazi ni pesa. Ndiyo maana mwajiri mwingine humwekea mtu karatasi ya Kiarabu mbele yake, anamwambia "weka sahihi hapa uende nyumbani." Walioko huko waambieni: usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Piga picha kwanza, mtumie mtu anayesoma Kiarabu.

Huko Qatar, mfanyakazi aliyemaliza mwaka mmoja au zaidi anastahili angalau mshahara wa wiki 3 kwa kila mwaka, na sheria ya mwaka wa 2017 iliwapa haki hiyo wafanyakazi wa nyumbani pia. Tangu Machi 2021 mshahara wa chini kule ni riyali 1,000. Kwa mshahara huo, wiki 3 ni kama riyali 700. Dada aliyekaa miaka 4 anadai kama riyali 2,800. Na kwa wafanyakazi wa makampuni huko Dubai na falme nyingine za Emarati, baada ya mwaka mmoja wa kazi ni mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza.

Sasa, atadai namna gani naye yuko hapa kijijini? Aandike barua fupi: jina lake, namba ya pasipoti, jina la mwajiri, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, mshahara, na kiasi anachodai. Asiandike matusi wala hadithi ndefu. Barua hiyo aipeleke kwa ajenti aliyempeleka, na nakala kwa ofisi ya kazi ya kaunti, Mamlaka ya Ajira ya Taifa, ambayo ndiyo inayosajili maajenti, na Idara ya Serikali ya Wakenya Walioko Ng'ambo, ili ubalozi wetu katika nchi ile upate habari. Ajenti aliyesajiliwa ameweka dhamana kwa serikali, kwa hivyo akiambiwa na ofisa wa kazi aje ajieleze, mara nyingi husikia kuliko akiambiwa na mama mmoja anayelia kwenye ngazi za ofisi yake.

Na asikawie. Huko Saudia, madai ya mfanyakazi wa kampuni hayasikilizwi na mahakama ya kazi baada ya miezi 12 tangu kazi kuisha, isipokuwa kuwe na sababu inayokubalika. Ndiyo maana tunasema barua iandikwe mwezi wa kwanza, kabla hata ya kununua kuku.

Kwa wale wachache wa Uingereza, jueni hili. Mtu mwenye miaka 10 au zaidi ya michango ya National Insurance ana haki ya pensheni ya serikali ya kule akifika umri wake, ambao unapanda kutoka miaka 66 hadi 67 kati ya mwaka wa 2026 na 2028. Pensheni hiyo inaweza kulipwa akiwa hapa Kenya. Lakini haiongezwi kila mwaka kama ya wanaoishi kule. Inabaki ilivyoanza. Kwa hivyo anayepanga uzee wake afanye hesabu akijua hivyo.

NNE, PESA ZAKE ZA HAPA NYUMBANI

Wengi wa waliokwenda ng'ambo walikuwa wamefanya kazi hapa kwanza, katika mashamba ya maua, viwanda, shule au hoteli. Walikatwa NSSF. Kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 200 za mfanyakazi na 200 za mwajiri kila mwezi. Kutoka Februari 2023 ni asilimia 6 ya mshahara kwa kila upande, mpaka kiwango kilichowekwa. Pesa hizo hazikupotea kwa sababu mtu alisafiri. Aende na kitambulisho katika ofisi ya NSSF au Huduma Centre aombe taarifa ya michango yake, aisome mwezi kwa mwezi. Akikuta miezi ambayo alikatwa lakini mwajiri hakupeleka, aonyeshe karatasi zake za mshahara, ofisi imfuate huyo mwajiri.

Tusidanganyane, pesa hizi hatazitoa leo akiwa na miaka 32. Hutolewa mtu akifika miaka 60, au 50 kama ameacha kazi ya kuajiriwa. Njia nyingine ni kama amekuwa mlemavu asiyeweza kufanya kazi tena, au amehama Kenya moja kwa moja. Akifa, zinakwenda kwa wanaomtegemea. Kwa hivyo aangalie pia ni jina la nani liko katika fomu yake. Tumesikia ya mama ambaye fomu yake bado ilikuwa na jina la mtu waliyeachana zamani. Aliyejiajiri anaweza kuendelea kuchangia kidogo kidogo. NSSF ina mpango wa Haba Haba kwa watu wa jua kali na wakulima, ulioanza kwa shilingi 25 kwa siku.

Na kama aliacha kazi ya hapa Kenya mwajiri akabaki na mshahara wake, sheria inampa miaka 3 ya kufungua madai. Baada ya hapo mlango umefungwa.

Kwa wazee waliorudi wakiwa wamefika miaka 70, mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wale walioandikishwa. Si kila mzee huingia mara moja, kwani uandikishaji hufanywa kwa awamu. Chifu na naibu wake ndio wanaojua lini. Kikundi kihakikishe jina limetajwa katika baraza.

TANO, KAZI

Dada zetu hurudi wakisema, "Mimi sina ujuzi, nilikuwa kadama tu." Sisi hatukubali neno hilo "tu". Hebu tuhesabu. Amemlea mtoto mchanga. Amemhudumia mzee asiyeweza kutoka kitandani, akamgeuza, akamwosha, akampa dawa kwa saa. Amepikia watu ishirini mwezi wa Ramadhani. Anatumia mashine za kufua na kusafisha. Anazungumza Kiarabu. Hizo ni kazi tano, na kila moja ina mtu anayeitafuta katika miji yetu. Familia zina wazee wagonjwa na hazina mtu wa kuwatunza. Hoteli za pwani hupokea wageni Waarabu. Eastleigh na Mombasa kuna wafanyabiashara wanaohitaji mtu anayejua Kiarabu cha kuzungumza.

Tatizo ni kwamba ujuzi huo hauna karatasi. Njia ziko mbili. Moja ni mtihani wa ufundi wa NITA, ambao una madaraja matatu, kuanzia la tatu kupanda hadi la kwanza. Fundi wa ujenzi, wa umeme, wa magari, mshonaji au mpishi anaweza kufanya mtihani huo hata kama hakupita chuoni. Njia ya pili ni ile ya kutambuliwa kwa ujuzi mtu aliopata kazini, inayoitwa RPL, chini ya KNQA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 2014. Mtu huonyesha alichofanya, hupimwa, akifaulu hupewa cheti. Chuo cha ufundi kilicho karibu nanyi kitawaambia kama kinapima ujuzi huo au ni wapi pa kwenda.

Halafu aandike barua ya kazi kwa maneno ya ukweli. Badala ya "nilikuwa housegirl Saudia", aandike: "Kwa miaka 3, katika mji wa Riyadh, nilimtunza mzee wa miaka 80 aliyepooza, nikisimamia dawa, chakula na usafi wake." Ni ukweli uleule, lakini sasa mwajiri anaona kazi iliyofanywa. Ajiandikishe kwa Mamlaka ya Ajira ya Taifa, asome matangazo ya kaunti kwenye ubao wa ofisi, na awe na cheti cha tabia njema kutoka polisi, maana watu wa kutunza wazee na watoto huulizwa.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, kazi ya kweli haiombi pesa za "faili" kupitia simu. Akiambiwa atume shilingi elfu tatu ili aitwe kuhojiwa, hiyo si kazi. Ya pili, asikubali mshahara wowote kwa sababu ana haraka. Mfanyakazi wa nyumbani yuko ndani ya amri ya mishahara ya chini. Ile iliyoanza Novemba 2024 iliuweka shilingi 16,113.75 kwa mwezi katika miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa. Katika miji midogo na vijijini ni chini ya hapo, kwa hivyo ulizeni ofisi ya kazi ya kwenu.

Anayetaka biashara tunamshauri hivi. Akiba aliyorudi nayo aigawe mara tatu. Sehemu moja ni ya kula na kuishi wakati anatafuta. Sehemu moja ni ya kujaribu biashara ndogo anayoielewa. Sehemu ya tatu asiiguse mwaka mzima. Mkiona mtu anaweka yote katika pikipiki tatu au katika shamba la mkutano wa simu, mzuieni kwa upole. Na kama ni kununua ardhi, kwanza aangalie jina katika masjala ya ardhi. Shamba la kilimo linahitaji pia kibali cha bodi ya ardhi, na ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 ya makubaliano. Tunajua waliotuma pesa miaka mitatu wakarudi wakaonyeshwa ploti ya mtu mwingine, na aliyewaonyesha ni ndugu wa damu. Haya ni machungu kusema mkutanoni, lakini yako.

SITA, WAJIBU WA KIKUNDI

Tuseme ukweli, mtu aliyerudi hawezi kubeba haya yote peke yake. Ofisi ni nyingi, nauli ni ghali, na aibu ni nzito. Hapa ndipo kikundi kinapofaa. Tunapendekeza mambo matano.

1. Chagueni watu wawili, mmoja mwanamke, wawe wa kumsindikiza aliyerudi kwenda ofisini. Mtu mwenye shahidi pembeni hasukumwi ovyo.

2. Kwa miezi mitatu ya kwanza asiombwe mchango mkubwa kuliko wa wengine. Andikeni hivyo katika kanuni zenu, ili lisiwe jambo la kuoneana haya.

3. Aliyekuwa mwanachama kabla ya kuondoka arudishiwe nafasi yake bila faini za miaka aliyokuwa mbali.

4. Hakikisheni kikundi kimesajiliwa. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka wa 2022 inataka watu wasiopungua kumi. Kikundi kilichosajiliwa, chenye akaunti ya benki na daftari safi, kinaweza kuomba mkopo wa Uwezo, wa Mfuko wa Wanawake ulioanza 2007, au wa Mfuko wa Vijana ulioanza 2006. Tena asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na walemavu. Kikundi cha akina mama wapishi, kikiwa na dada mmoja aliyepikia watu huko Jeddah, kinaweza kuomba kupika kwenye mikutano ya kaunti. Lakini mkopo ni deni. Msiuchukue kwa sababu jirani wamechukua.

5. Wekeni daftari la safari. Mtu yeyote wa kikundi au mtoto wa mwanachama anayeondoka, aache nakala ya mkataba, jina na simu ya ajenti, na jina la mwajiri. Daftari hilo likae kwa katibu. Siku ya shida, huko au hapa, mtajua pa kuanzia.

Hatuwaambii vijana wasiende. Wenye kwenda wataenda, na wengine wamejenga na kusomesha kwa kazi hiyo. Tunachosema ni kwamba mwenda kwao si mtumwa, na anayerudi kwao asifanywe mtumwa wa maneno ya watu. Kama aliyerudi ana barua iliyoandikwa, cheti mkononi, na kikundi kinachomwita kwa jina lake, basi akiamua kwenda tena ataamua akiwa amesimama. Ataweza kusoma mkataba, na ukiwa mbaya ataweza kusema hapana.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

Katika kijiji chetu ni nani wamerudi mwaka huu, na ni nani kati yao hatujamwona tangu wiki ya kwanza?

Ni nani kati yao bado ana madai ambayo hayajamaliza miezi 12? Nani ataandika naye barua wiki hii?

Ni kazi gani tano zinazotafutiwa watu katika mji ulio karibu nasi, na ni nani kati ya waliorudi anaweza kuifanya mojawapo?

Je, kanuni zetu za mchango zinamfukuza mtu mwenye shida? Tuzibadilishe namna gani?

Mkishajadiliana, andikeni mliyoamua, mtuletee katika mkutano ujao. Sasa tuanze na maswali yenu, na akina mama walioko nyuma waanze.